Wastani haudaiwi kodi ya nyumba

Mtu akikwambia "nina mawazo," humuulizi ana ugonjwa gani. Unavuta kiti, unamuuliza: kwani kuna nini? Lugha yenyewe imeshatufundisha kwamba mawazo yana chanzo, na kwamba chanzo hicho mara nyingi hakiko kichwani mwa anayeyabeba. Kuna deni. Kuna mgonjwa ndani. Kuna kazi iliyoota mbawa.

Nimelikumbuka swali hilo kila ninaposoma yaliyoandikwa kuhusu janga la korona na afya ya akili ya watu wazima. Maandishi ni mengi, na mengi yanaanza na namba ileile. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Namba hiyo ilisafiri. Ilisomwa kwenye hotuba, ikapamba maombi ya ufadhili, ikawekwa kwenye matangazo ya programu za simu zinazokufundisha kuvuta pumzi. Siipingi. Ninachosema ni kwamba hakuna binadamu aliyeongezewa mawazo kwa asilimia 25. Wapo ambao hawakuguswa. Wapo waliopata hata nafuu, wakaepukana na foleni za asubuhi na bosi anayepitapita nyuma ya kiti. Na wapo waliozama moja kwa moja. Wastani hauugui, haufukuzwi kazi, wala mwenye nyumba haugongei mlango mwisho wa mwezi.

Uingereza ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu tu kule walikuwa tayari wanawafuatilia watu walewale miaka kadhaa kabla ya janga. Mwaka 2018 na 2019, watu wazima wenye dhiki ya akili ya kiwango cha kumtia daktari shaka walikuwa asilimia 18.9. Aprili 2020, mwezi mmoja tu baada ya amri ya kukaa nyumbani, wakafika asilimia 27.3. Hapo ndipo magazeti yalipochukua habari yao na kuondoka. Watafiti walibaki, wakaendelea kuwauliza watu hao hadi Oktoba, na picha ikabadilika. Zaidi ya robo tatu walikuwa salama muda wote. Kundi jingine lilitikisika mwanzoni likasimama tena. Lakini karibu mtu mmoja katika kila tisa ama alikuwa na hali mbaya sana tangu mwanzo hadi mwisho, ama alizidi kudidimia mwezi hadi mwezi. Hawa hawakuokotwa kwa bahati nasibu. Walikuwa zaidi watu waliokuwa na maradhi ya mwili au ya akili tangu zamani, na wakazi wa mitaa ya kimaskini. Watu weusi na wenye asili ya Asia nao walionekana humo kuliko idadi yao katika nchi.

Ofisi ya takwimu ya nchi hiyohiyo iliona jambo hilo kwa njia nyingine. Dalili za sonona zilikuwa kwa asilimia 10 ya watu wazima kabla ya janga, na asilimia 21 mwanzoni mwa 2021. Ukifungua hiyo 21 ndani unakuta mambo. Wenye ulemavu: asilimia 39, dhidi ya 13 kwa wasio na ulemavu. Wanawake wa miaka 16 hadi 29: asilimia 43, dhidi ya 26 kwa wanaume wa rika lao. Wakazi wa maeneo duni zaidi ya England: 28, dhidi ya 17 katika maeneo yenye neema. Ukiwapika wote chungu kimoja unapata 21, namba isiyomweleza yeyote kati yao.

Ndiyo maana sikushangazwa na mabishano ya mwaka 2023. Mapitio makubwa yaliyochapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ yalikusanya tafiti za makundi 134 ya watu waliopimwa kabla na wakati wa janga, yakahitimisha kuwa kwa jumla mabadiliko yalikuwa madogo mno. Waliokuwa wakisema "tulitiwa hofu bure" walishangilia. Hawakusoma hadi kwa wanawake, ambao hali yao ilizorota katika kila kipimo, japo kwa kiasi kidogo. Wala hawakujiuliza tafiti hizo zilitoka wapi: nyingi zilitoka nchi tajiri, na aliyebaki kwenye utafiti wa kufuatiliwa miaka mingi ni yule mwenye anwani isiyobadilika, simu isiyokatwa na nusu saa ya kujaza fomu. Aliyefukuzwa kwenye chumba chake Mei 2020 hakuwa na nusu saa hiyo.

Tuiangalie fomu yenyewe. Dodoso linalotumika sana kupima sonona lina maswali tisa tu. Linataka kujua, katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umejisikia mnyonge au umekata tamaa, umeshindwa kulala au umelala mno, umechoka, umekosa hamu ya kula au umekula kupita kiasi, umeshindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, na mengine ya namna hiyo hadi lile zito la mwisho, la kufikiria kufa au kujiumiza. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ni 27. Ukifika 10, unahesabiwa kuwa na dalili za kutosha kufuatiliwa.

Sasa mpe fomu hiyo mlinzi wa usiku ambaye wenzake wawili wamepunguzwa na zamu zao ameangushiwa yeye. Kulala? Karibu kila siku anashindwa: alama 3. Uchovu: 3. Hamu ya kula imepotea tangu mshahara ulipokatwa nusu na akaanza kuwaachia watoto kilichopo: 3. Kutuliza akili kwenye jambo moja, naye anajua kodi inadaiwa Ijumaa: 3. Ameshafika 12 na hatujagusa swali la unyonge. Simdharau mlinzi huyu kwa kusema haumwi. Anaumwa, na ukimwacha hivyo miezi sita mawazo yatageuka ugonjwa kamili, maana dhiki haina adabu ya kukaa mfukoni tu, inapanda mwilini. Dodoso linafanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni kwamba maswali yamekwisha, na la "kuna nini?" halimo.

Jibu la swali hilo lilikuwa wazi hata bila utafiti. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 dunia ilipoteza asilimia 8.8 ya saa za kazi, sawa na ajira milioni 255 za kutwa nzima. Kati ya watu bilioni mbili wanaofanya kazi zisizo rasmi, wasio na mkataba wala bima, bilioni 1.6 walikuwa katika kundi lililoumizwa zaidi. Kwa mwenye mshahara unaoingia benki, "kaa nyumbani" ilikuwa amri ya kuchosha. Kwa anayekula alichokipata leo, ilikuwa amri ya kuchagua hofu: aogope homa au aogope njaa. Wasiwasi wa yule wa kwanza unaweza kutulizwa kwa kuzima taarifa ya habari. Wa pili ukimwambia azime redio atakushangaa.

Kuna tofauti nyingine ambayo sioni ikizungumzwa vya kutosha, nayo ni nani anazimiliki saa zake. Wawili wanaweza kuwa na kipato kinacholingana, lakini mmoja akajua zamu zake za mwezi mzima na mwingine akasubiri ujumbe wa simu kila jioni kuambiwa kama kesho yupo au hayupo. Huyo wa pili hawezi kupanga hata kuumwa. Janga liliwaongeza watu wa aina hiyo, na lilipopungua wengi wao hawakurudishiwa ratiba zao.

Wanawake nao. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet Oktoba 2021 yalisema mwaka 2020 ulileta wagonjwa wa sonona wa ziada milioni 53.2. Wanawake walikuwa milioni 35.5, wanaume 17.7. Kwa wasiwasi, kati ya nyongeza ya milioni 76.2, wanawake walikuwa milioni 51.8. Mara mbili, kwa maneno mengine. Maelezo ya haraka ni kwamba wanawake husema wanavyojisikia na wanaume humezea. Yana ukweli kidogo, ila hayaelezi kwa nini pengo liongezeke mwaka huo hasa, maana tabia ya kumezea haikuanza 2020.

Ingia ndani ya nyumba moja ya wakati ule. Watu wazima wawili, wote wanafanyia kazi nyumbani, watoto wawili hawana shule. Kuna meza moja na chumba kimoja chenye mlango unaofungika. Nani alikaa na mlango, nani alikaa na watoto? Ukiuliza kwa upole utaambiwa ilitokea tu, kwa kuwa kazi ya baba ina mikutano mingi. Mama alihudhuria mikutano yake akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kamera imezimwa, mkono mmoja kwenye kompyuta na mwingine ukimkataza mtoto kwa ishara. Saa nne usiku ndipo alipoanza kazi aliyoajiriwa kuifanya. Hakuna aliyemfanyia ubaya, na hiyo ndiyo shida yenyewe: hakuwa na wa kumlalamikia. Na huyo, tusisahau, alikuwa miongoni mwa wenye bahati, maana kazi alikuwa nayo. Mwaka huo ajira za wanawake duniani zilipungua kwa asilimia 5, za wanaume kwa 3.9.

Mzigo wa kulea una namba zake. Marekani, katika uchunguzi wa watu wazima uliofanywa wiki ya mwisho ya Juni 2020, asilimia 10.7 walisema wamewahi kufikiria kwa dhati kujiua katika siku 30 zilizopita. Miongoni mwa wanaowatunza watu wazima wagonjwa au wazee bila malipo, walikuwa asilimia 30.7. Kwa vijana wa miaka 18 hadi 24, ilikuwa 25.5. Na kwa waliovuka miaka 65, ambao ndio virusi vilikuwa vikiwaua kwa wingi kuliko wote? Asilimia 2.

Nilipoiona namba hiyo mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya. Ingekuwa hofu ya kifo ndiyo inayovunja watu, wazee wangevunjika kwanza. Wataalamu husema umri humfunza mtu kuyatawala mawazo yake, nami nakubali. Aliyekwisha kuzika wengi hashtuki kama aliyezika mmoja. Lakini katika nchi ile mzee pia ana pensheni inayoingia kila mwezi, mara nyingi ana nyumba iliyokwisha kulipiwa, na hana bosi. Kijana wa miaka 22 alikuwa na kibarua hotelini, chumba cha kupanga na mkopo wa masomo. Busara ya uzee ni rahisi kuionyesha ukiwa hudaiwi. Afadhali hiyo haikuwafikia wazee wote: waliokuwa kwenye nyumba za kulelea wazee walizuiwa kuwaona watoto wao kwa miezi, na wengi wao hawakujaza dodoso lolote.

Japani nayo ina fundisho la kutisha. Kwa miaka kumi mfululizo vifo vya kujiua vilikuwa vikipungua. Mwaka 2020 vikapanda, na ukitazama kwa jinsia unaona kwamba kwa wanaume viliendelea kushuka kidogo, ila kwa wanawake vilitoka 6,091 mwaka 2019 hadi 7,026. Kujiua hakuna sababu moja, na anayekwambia anayo anakudanganya. Lakini ni vigumu kupita bila kuangalia kwamba kule wanawake ndio wengi katika ajira za muda, za mahoteli, migahawa na maduka, zile zilizofungwa kwanza. Februari 2021 serikali ikateua waziri wa kushughulikia upweke. Sina ugomvi na uteuzi huo. Ila naona jinsi ilivyo rahisi zaidi kuupa upweke waziri kuliko kumpa mhudumu wa mgahawa mkataba usiovunjwa kwa ujumbe wa simu.

Hata wahudumu wa afya tuliowapigia makofi dirishani hawakuhesabiwa sawa. Moja ya tafiti za kwanza kabisa, iliyofanyika China mapema 2020 katika hospitali 34, iliwahoji wahudumu 1,257. Nusu yao walikuwa na dalili za sonona, na asilimia 71.5 walikuwa na dhiki. Wauguzi, wanawake na waliokuwa mstari wa mbele waliumia zaidi. Utafiti mzuri, wa haraka, uliofanyika katikati ya moto. Lakini waliohojiwa walikuwa madaktari na wauguzi. Aliyedeki sakafu ya wodi ileile, aliyefua mashuka, aliyesukuma maiti kwenda mochwari, hawakuulizwa. Hatujui walilala vipi.

Kutoulizwa kuna gharama kubwa kuliko inavyoonekana. Yale makadirio ya The Lancet ya dunia nzima, ambayo ndiyo yaliyozaa asilimia 25 maarufu, yalitegemea vyanzo 48 vya takwimu, vingi vya Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini. Kwa nchi zisizo na takwimu, na ndizo nyingi za dunia maskini, watafiti walikadiria kwa hesabu: waliangalia maambukizi ya kila siku na kiasi ambacho watu walipunguza kutembea, kisha wakakisia sonona itakuwa imepanda kiasi gani. Walisema wazi kwamba ndivyo walivyofanya, hawakuficha. Lakini fikiria kinachochukuliwa kuwa sawa hapo. Kutembea kukipungua kwa asilimia 40 katika nchi ambako serikali inalipa mishahara, na kukipungua kwa asilimia 40 katika nchi ambako asiyetoka hapati chakula, je, ni kupungua kulekule? Hesabu haina namna ya kuzitofautisha nchi hizo mbili kwa kipimo cha nyayo pekee.

Tiba iliyotolewa nayo ilifuata mkondo uleule. Oktoba 2020, Shirika la Afya Duniani lilikuta kwamba asilimia 93 ya nchi zilizochunguzwa huduma zao muhimu za afya ya akili zilikuwa zimeyumba au zimesimama. Suluhisho likawa simu na video. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi tajiri zilitumia njia hiyo, wakati nchi maskini hazikufika nusu. Hata zilipoifikia, nani wa kupokea simu? Katika nchi zenye kipato cha chini wahudumu wa afya ya akili hawafiki wawili kwa kila watu 100,000. Katika nchi tajiri wanazidi 60. Na ushauri nasaha kwa simu unahitaji faragha. Mtu anayelala chumba kimoja na anayemsababishia mawazo hawezi kumweleza mshauri chochote, hata akipewa muda wa maongezi bure.

Kilichofanya kazi mara nyingi hakikuwa na jina la afya ya akili. Marekani iliwaongezea waliopoteza kazi dola 600 kwa wiki hadi mwisho wa Julai 2020. Fedha hizo zilipokatwa, watafiti waliona mahitaji yasiyotimizwa na dalili za sonona vikipanda kwa waliokuwa wakizipokea. Uingereza ililipa hadi asilimia 80 ya mshahara wa mtu aliyesimamishwa kazi kwa muda, na hao walisumbuka kidogo kuliko waliofukuzwa kabisa. Kenya, katika kaunti za Bomet na Siaya, kulikuwa na utafiti ulioanza kabla ya janga ambapo watu walipewa fedha bila masharti, senti 75 za dola kwa siku. Korona ilipokuja wakapigiwa simu. Waliopewa walikuwa na njaa pungufu, maradhi pungufu na sonona pungufu kuliko wasiopewa. Tofauti haikuwa kubwa, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Kwangu mimi udogo wake ndio unaoifanya iaminike: fedha ndogo, nafuu ndogo, lakini nafuu.

Hapa najua msomaji mmoja ataniambia nimegeuza kila ugonjwa wa akili kuwa ufukara. La. Kuna wagonjwa ambao ungewalipia kodi ya miaka kumi na bado wangehitaji dawa jioni hii. Ndio walioachwa mbali kuliko wote. Utafiti wa New York uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aone yasiyokuwepo, akipata korona, uwezekano wake wa kufa ulikuwa karibu mara 2.7 ya mtu asiye na ugonjwa huo. Baada ya umri, hakuna kigezo walichokipima kilichokuwa na uzito kama huo. Si kisukari, si moyo. Pamoja na hayo, nchi nyingi zilipopanga foleni za chanjo hazikuwaweka mbele. Kwa huyu dawa na daktari, kwa yule mlinzi ratiba na mshahara. Ukiwapa wote wawili programu ya simu ya kuvuta pumzi, umewatendea sawa, na hakuna uliyemsaidia.

Serikali duniani hutumia kama asilimia 2 ya bajeti za afya kwa afya ya akili, na huwa tunapigania iongezwe. Iongezwe. Lakini sehemu kubwa ya afya ya akili ya watu wazima iko kwenye bajeti za watu wengine kabisa: wizara ya kazi, ya nyumba, na yule anayeamua shule zifungwe lini na nani atakaa na watoto.

Tarehe 5 Mei 2023 ilitangazwa kuwa dharura ya dunia imekwisha. Mchukue fundi aliyeuza cherehani yake katikati ya 2020 ili watoto wale, akakopa mwaka uliofuata anunue nyingine, kisha akakopa tena alipe mkopo wa kwanza. Leo akienda kliniki kwa sababu hapati usingizi, atapewa dodoso lile la maswali tisa. Akifikisha alama 12 ataandikwa kuwa ana sonona, tarehe ya leo, na hatahesabiwa popote miongoni mwa walioathiriwa na janga. Mkopo wake una miezi kumi na minne imebaki.